IMEJARIBIWA KWA NANI? Madoa ya Chunusi, Makopo Yasiyo na Jina na Nyuso za Watoto Wetu





Jambo tunaloandika leo wapo watakaoliona dogo. Watasema: watu wa Dzaleka wana shida ya chakula, shida ya nyumba, shida ya kungojea safari miaka na miaka, nanyi mmeketi kuandika habari ya chunusi? Naam, tumeketi kuandika habari ya chunusi. Fedha zile zile za chakula, ambazo hupunguzwa kila wafadhili wanapopungukiwa, ndizo zinazonunua makopo haya. Na ngozi ya mtoto ikishaungua, hakuna duka linalouza nyingine.

Hebu ingieni sokoni kwetu siku yoyote. Mtakuta meza za vipodozi, na pembeni ya vile vya dukani kuna vikopo vidogo vilivyojazwa kutoka ndoo kubwa. Havina jina, havina lebo, vimetofautishwa kwa rangi ya kifuniko tu. Muulize muuzaji, "Mama, hii ni ya nini?" Atakujibu, "Ya kuondoa madoa ya chunusi, mwanangu. Hii imejaribiwa. Wiki mbili tu, uso unatakata." Ukimuuliza imejaribiwa na nani, anacheka na kukuelekeza kwa binti wa jirani.

Sisi hatuna ugomvi na mama yule. Naye anatafuta riziki ya wanawe. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000, na leo tumo zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na wengi waliokuwa na maduka Lilongwe wakaja kuanza upya kwa meza ya mbao. Ugomvi wetu ni na neno lile moja analolitumia: IMEJARIBIWA. Tunasema wazi kwamba neno hilo si kweli, na kwamba sisi wazazi tumelipokea kwa uvivu.

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Tusije tukaonekana tunawasema wengine. Katika nyumba mojawapo ya sisi tunaoandika ukurasa huu yumo binti wa sekondari. Alikuwa na chunusi kama vijana wenzake, na kila chunusi ilipopona iliacha doa jeusi mashavuni. Maneno yakaanza. Shangazi anasema, "Uso huu nani atauoa?" Mama mkubwa anasema, "Mpakeni kitu, siku ya harusi ya dada yake atapigwa picha." Tukanunua kopo.

Wiki ya pili uso ulitakata kweli. Tukafurahi, tukawaambia majirani, na wawili miongoni mwao wakanunua. Kwa hiyo na sisi tuligeuka kuwa ushahidi wa "imejaribiwa". Mwezi wa tatu uso ukawa mwekundu, ngozi nyembamba, vipele vidogo vikajaa kuzunguka mdomo. Kila alipoacha kupaka, uso uliwaka moto hata hakulala. Akawa hataki kwenda shule. Tuliomba ruhusa ya kutoka kambini, tukakopa nauli, tukaenda Lilongwe. Mtaalamu wa ngozi aliyemwona aliuliza swali moja tu: "Mmempaka nini?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumempaka mtoto wetu usoni kitu tusichokijua jina lake.

Aliyoyaona, alituambia, ni madhara ya dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo watu huzichanganya katika mikorogo. Hutuliza na kung'arisha haraka, ndiyo maana wiki ya pili kila mtu husifu. Baadaye hupunguza unene wa ngozi na kuzaa chunusi mpya, na ngozi huzizoea kiasi kwamba ukiziacha, inakuadhibu.

DOA NI NINI HASA?

Ngozi yetu ina chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Chunusi ni uvimbe, na uvimbe huzichokoza chembe hizo zikamwaga rangi kupita kiasi pale palipoumia. Chunusi inapona, rangi inabaki. Ngozi ikiwa nyeusi zaidi, chembe hizo huchokozeka zaidi, kwa hiyo sisi ndio wenye madoa mengi. Mtoto mwenye madoa hana uchafu wala laana. Ngozi yake inafanya kazi iliyoumbiwa.

Na jambo kubwa ni hili: sehemu kubwa ya madoa haya hufifia yenyewe. Yaliyo juujuu huchukua miezi. Yale ambayo rangi yake imezama chini huchukua mwaka, pengine miaka. Jua huyarudisha nyuma, na kutumbua chunusi kwa kucha huzaa mengine.

USHUHUDA SI JARIBIO

Sasa tazameni neno "imejaribiwa" lilivyo bovu.

Kwanza, kama doa hufifia lenyewe, basi kila anayepaka chochote, hata mafuta ya kupikia, atapata nafuu baada ya miezi kadhaa na atakisifu alichopaka.

Pili, anayesifu ni yule aliyefanikiwa. Aliyeharibika hujifungia ndani, au hufunika uso akipita. Hakuna muuzaji anayemwita mezani kwake awe shahidi.

Tatu, hata akitokea aliyepona kwa kopo la jana, kopo la leo limekorogwa upya. Nani anajua kama ni kitu kile kile?

Na hili wala si elimu ya Wazungu waliyotuletea juzi. Abu Bakr ar-Razi, tabibu mkuu wa hospitali za Rayy na Baghdad aliyefariki mwaka 925 hivi, aliandika kwamba wagonjwa wenye dalili za ugonjwa wa ubongo aliwatoa damu kundi moja, na kundi jingine akaliacha kwa makusudi ili alinganishe. Tiba yenyewe leo haikubaliki kwa ugonjwa ule, lakini angalieni njia yake: hakutosheka kuona mgonjwa kapona, alitaka kujua asingetibiwa ingekuwaje. Karne iliyofuata Ibn Sina, katika kitabu chake cha tiba kiitwacho al-Qanun, aliweka masharti ya kuijaribu dawa. Iwe safi isiyochanganyika na kitu kingine. Muda wa kufanya kazi kwake uangaliwe. Athari yake ionekane mara kwa mara, isiwe bahati ya siku moja. Na ijaribiwe kwa binadamu, kwani kinachofanya kazi kwa mnyama huenda kisifanye kwa mtu.

Lipimeni kopo la sokoni kwa masharti hayo. Haliko safi, muda wake haujulikani, na athari yake haijalinganishwa na chochote. Basi vipi watoto wa umma uliosoma kwa mabwana hawa watosheke na kicheko cha muuzaji?

Jaribio la kweli la madoa haya haya lipo. Mwaka 1993 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, akiwamo Daktari Bulengo-Ransby, walichapisha matokeo ya kuijaribu tretinoini kwa watu weusi wenye madoa yaliyoachwa na uvimbe wa ngozi. Walikuwa watu 54. Kwa wiki 40 wengine walipaka dawa, wengine walipaka krimu ile ile isiyo na dawa ndani yake, na hakuna aliyejua amepewa ipi, wala daktari aliyewapima hakujua. Kwa wale waliopaka usoni, kiasi cha tisa kati ya kila kumi waliopata dawa madoa yao yalififia. Lakini sikilizeni hili: kwa waliopaka krimu tupu, zaidi ya nusu nao yalififia!

Zaidi ya nusu, kwa krimu isiyo na dawa. Kila mmoja wao angeweza kusimama sokoni akaapa kwamba kopo lake limejaribiwa, na asingekuwa mwongo. Angekuwa mtu mkweli anayewapoteza wenziwe. Katika jaribio hilo hilo, kiasi cha nusu ya waliopata dawa halisi ngozi zao ziliwasha na kuchubuka, na waliopima waliandika hilo pia. Ndiyo tofauti ya jaribio na biashara, kwamba jaribio linasimulia na ubaya.

KINACHOFICHWA KOPONI

Mambo matatu hupatikana zaidi katika dawa za kujichubua, na yote matatu wanayajua wakaguzi wa nchi nyingi.

Steroidi tumekwisha kuzieleza. La pili ni haidrokwinoni. Kwa kiwango kidogo, kwa miezi michache na chini ya macho ya daktari, ni tiba inayotambulika. Ikipakwa kwa miaka huigeuza ngozi kuwa ya bluu na nyeusi, yenye vinundu visivyotoka. Afrika Kusini ndiko hilo lilikoonekana kwa wingi. Madaktari waliripoti mwaka 1975 juu ya wanawake walioharibiwa na krimu za kujichubua, na mwaka 1990 nchi ile ikapiga marufuku. Hesabuni: miaka 15 kati ya onyo na sheria, na muda wote huo makopo yalikuwa "yamejaribiwa".

La tatu ni zebaki. Huzuia rangi kutengenezwa, lakini hupenya ngozini ikaharibu figo, na mama mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliwekwa kwa ajili ya kuidhibiti zebaki duniani, vipodozi vikiwamo. Bado sabuni na krimu zake zinavuka mipaka.

HATUKATAI MAJARIBIO, TUNATAKA HAKI

Msomaji mmoja atasema: basi waje watafiti wajaribu dawa zao hapa kambini, tupate za kweli. Polepole. Hiyo tretinoini tuliyoisifu ina historia yake. Daktari Albert Kligman, aliyeifanya ijulikane kwa chunusi, alifanya majaribio ya ngozi katika gereza la Holmesburg mjini Philadelphia tangu 1951 hadi 1974, kwa wafungwa ambao wengi wao walikuwa weusi, wakilipwa pesa kidogo bila kuelezwa vilivyo hatari yake. Jiji la Philadelphia liliomba radhi mwaka 2022, wakati wengi wao walikwisha kufa.

Sisi tunaoishi Dzaleka, mahali palipokuwa jela ya wafungwa wa kisiasa zama za Kamuzu Banda, tunapaswa kuielewa habari hiyo kuliko wengine. Mtu asiye na kazi, asiye na ruhusa ya kutembea atakako, akiambiwa "paka hii tutakupa kitu", ridhaa yake ni ridhaa ya namna gani? Kwa hiyo akija yeyote na krimu ya kujaribu, jueni kwamba Malawi utafiti wa afya kwa binadamu hupitia kamati ya maadili, kama ile ya taifa iliyoko Lilongwe au ya COMREC iliyoko Blantyre. Ulizeni barua ya kamati. Takeni maelezo kwa lugha mnayoielewa. Mjue kwamba mnaweza kukataa, na mnaweza kujitoa katikati bila kunyimwa huduma yoyote. Asiyetaka maswali hayo aondoke na krimu yake.

Na yule anayeuza kopo lisilo na jina, naye anafanya majaribio. Tofauti ni kwamba haandiki matokeo, hamwambii mtu kwamba anajaribiwa, na anayejaribiwa ndiye anayelipa!

MAJIBU KWA WANAOTUPINGA

Wapo wanaosema: mambo yote haya ni haramu, ni kubadili maumbile, waambieni mabinti waache, yaishe. Tunawaheshimu, lakini hawajamaliza kazi. Kutibu alama iliyoletwa na ugonjwa si sawa na kujichubua mwili mzima ili ubadili rangi uliyoumbwa nayo, na wanachuoni wamekuwa wakitofautisha kuondoa dosari na kubadili umbo. Muulizeni sheikh wenu. Tena inashangaza kwamba khutba zinamwendea msichana wa miaka 16 aliyepaka, na hazimwendei mfanyabiashara aliyeagiza katoni, ambaye pengine amekaa safu ya mbele. Wala hazimwendei shangazi aliyesema "nani atauoa". Binti hakuamka asubuhi akauchukia uso wake. Alifundishwa, na waliomfundisha tunakula nao sahani moja.

Wapo wanaosema: daktari wa ngozi yuko wapi? Hapa mwapo haki. Wataalamu wa ngozi ni wachache mno. Kituo cha mafunzo cha Moshi, pale KCMC Tanzania, kimekuwa kikifundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika tangu miaka ya 1990, lakini hawatoshi. Hata hivyo kukosa daktari hakulifanyi kopo kuwa daktari. Ukikosa maji safi, hunywi mafuta ya taa.

TUNACHOWASHAURI

1. Tibuni chunusi kwanza. Ukifuta madoa huku chunusi zinaendelea, unafagia huku upepo unavuma. Anzeni kituo cha afya. Dawa zenye asidi ya azelaiki, benzoili peroksaidi au adapalini zimejaribiwa kwa haki na zina majina. Mjamzito asitumie adapalini wala tretinoini.

2. Zuieni jua. Mwavuli, kivuli, kofia kwa wavulana, na krimu ya kukinga jua kwa anayeweza kuipata. Bila hilo dawa yoyote inafanya kazi nusu.

3. Mtandio uwe wa pamba, ufuliwe mara kwa mara. Jasho na msuguano wa kitambaa kwenye paji na kidevu huamsha chunusi. Msitumbue. Msipake ndimu wala dawa ya meno. Ndimu na jua pamoja huunguza.

4. Nunueni famasi yenye leseni, kopo limefungwa, lina jina la kilichomo, la mtengenezaji na tarehe ya mwisho. Mkiona maneno mercury, calomel, clobetasol au betamethasone kwenye kipodozi, rudisheni. Hydroquinone msiitumie bila daktari. Na mkiona onyo kwamba krimu isiguse vito vya fedha au dhahabu, hiyo ni dalili ya zebaki.

5. Kabla ya kupaka usoni, pakeni kidogo ndani ya mkono mara mbili kwa siku, siku saba. Pakiwasha, pakivimba, acheni.

6. Kisha fanyeni jaribio la ar-Razi nyumbani. Pakeni upande mmoja wa uso, mwingine uacheni, kwa wiki 12. Pigeni picha mwanzoni na kila wiki ya nne, mahali pale pale, saa ile ile. Mwombeni mtu asiyejua ni upande upi uliopakwa aamue upi umefifia zaidi.

7. Aliyekwisha kutumia mkorogo kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake. Aende kituo cha afya, na achukue kopo lenyewe akalionyeshe.

Binti yetu tuliyemtaja, ngozi yake ilipotulia baada ya miezi mingi, alipewa krimu ya azelaiki tukafanya hivyo hivyo. Picha tulipigia penye ukuta wa udongo wa jirani, baada ya swala ya alasiri. Wiki ya 12 tulimwita yule yule shangazi, tukamwonyesha picha bila kumwambia kitu. Aliuonyesha upande wa kulia, nao ndio uliopakwa. Kisha akasema, "Mbona hata wa kushoto umefifia?" Tukamwambia, "Ndiyo, shangazi, nao umefifia, na hatukuupaka chochote." Alinyamaza. Siku hizi akimwona binti mwenye madoa humuuliza habari za masomo.

KWA KUMALIZIA

Mnaikumbuka habari ya Mtume, rehma na amani zimshukie, alipopita sokoni Madina penye lundo la nafaka. Hakutosheka na kilichoonekana juu. Aliingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akatoa udhuru kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, na akaambiwa wazi kwamba mwenye kughushi hana sehemu katika umma huu.

Kila mzazi na aingize mkono ndani ya lundo. Muulizeni muuzaji, kwa adabu lakini bila haya: Ndani mna nini? Nani alijaribu? Wangapi walidhurika? Akishindwa kujibu, rudisheni kopo mezani na mwendelee na safari yenu. Wauzaji Waislamu, nanyi tunawaomba: msichokijua msikiuze.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azilinde nyuso za watoto wetu na ndimi zetu sisi wazazi wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.